Nilivyoishi na wajawazito kwenye nyumba ya kusubiria uzazi Baraka, mwanaume peke yangu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Huwa nasoma tu humu na kupita. Leo naandika kwa sababu juzi niliona uzi wa jamaa analalamika kwamba mke wake alimwomba amchotee maji ya kuoga, watu wakachangia kurasa na kurasa. Nikasema basi na mimi nina langu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Sehemu nyingine ningependa ziwe za uongo, lakini ndivyo zilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Kwetu ni kijiji kimoja huko milimani, juu ya Fizi-Centre. Utoto wangu niliumalizia kambini upande wa Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kina miguu miwili. Kazi yangu ni useremala. Vitanda, milango, viti vya kanisa, na majeneza pale inapobidi.

Mke wangu anaitwa Atosha. Analima maharage na haongei sana. Akiongea, mara nyingi ameshaamua.

Sasa niwape kwanza habari ya mimba ya kwanza, maana bila hiyo hamtaelewa ya pili.

Mimba ya kwanza uchungu ulianza tukiwa nyumbani, kipindi cha mvua. Mwanamke wa kijijini kwetu anayezalisha alimwangalia, akasema hili si la kwake, tumpeleke kituo cha afya. Kituo kiko ng'ambo ya mto. Gari haliji kwetu, pikipiki huja siku ambazo barabara imekauka. Tukamweka kwenye tipoyi, yaani kile kiti cha miti ambacho wanaume wanabeba mabegani. Tukateremka naye.

Tulipofika, mto ulikuwa umejaa na kilalo kimeondoka. Kilalo ni daraja la miti.

Tukakaa pale. Hakuna mtu aliyegombana na mwenzake, hakuna aliyekosea kitu. Tulikuwa wanaume wenye nguvu zetu, tumekaa kwenye majani, tunaangalia maji.

Maji yalipopungua tulivuka. Kituoni walimsaidia Atosha akapona. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni. Alikuwa wa kiume. Jeneza lake nililitengeneza mimi, na ndilo dogo kuliko yote niliyowahi kutengeneza.

Naendelea.

Mimba ya pili ilipokuja, muuguzi wa kituo alimpima Atosha, akaangalia na historia yake, akatuambia wazi: "Huyu hapaswi kungojea uchungu nyumbani. Teremkeni Baraka mapema. Karibu na hospitali kuna nyumba ya bamama banaosubiri. Anakaa pale mupaka siku yake ifike."

Kwa wasioijua, hiyo nyumba ni mahali ambapo mjamzito wa mbali anakuja kuishi wiki za mwisho, ili uchungu ukianza awe ana uwanja tu wa kuvuka, siyo mlima. Matibabu ni hospitalini. Chakula unajitegemea. Unatakiwa uje na mtu wa kukupikia na kukufulia. Kwetu huyo anaitwa garde-malade, na tangu dunia iumbwe garde-malade wa mjamzito ni mwanamke.

Tukaanza kutafuta mwanamke. Mama yake Atosha alishafariki. Dada yake ana mtoto mchanga. Mama yangu miguu yake haimpeleki hata kanisani.

Jioni moja nikasema, "Nitaenda mimi."

Atosha akaniangalia. "We haupikake."

"Nitajifunza."

"Kwa tumbo ya nani?"

Kesho yake nikakuta ameshafunga mizigo yetu yote miwili.

Baba yangu ni mtu wa heshima kanisani, hapendi mzaha. Aliniita akaniuliza taratibu, "Sasa mwanaume ataenda kufanya nini ku maternité? Kusukuma?"

Nikamwambia hapana baba, kupika tu.

Akasema angeelewa zaidi kama ningesema kusukuma.

Tukaondoka kabla mvua hazijaanza. Kwa miguu hadi mtoni, tukavuka maji yakiwa magotini, pikipiki hadi Fizi-Centre, tukalala kwa ndugu, halafu gari la mizigo hadi mji wa Baraka, kando ya ziwa. Atosha alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa juu ya magunia ya mihogo na mbuzi wa mtu.

Msimamizi wa ile nyumba ni mkunga, tumwite Mama Mapendo. Mama mnene, mpole, na hana haraka. Aliangalia mizigo yetu, akaangalia nyuma yangu kuona kama kuna mwanamke anakuja.

"Garde-malade iko wapi?"

"Njo mi."

"Hii nyumba ni ya bamama."

"Ndiyo mama."

"We hauko mama."

"Hapana."

Akafikiri. "Unajua kazi gani?"

"Useremala."

Akageuka kuangalia ndani, ambako vitanda vilikuwa vinalia kila mtu akijigeuza. Akasema, "Utalala ku stoo ya kuni. Kesho unaanza na kile kitanda cha ku kona."

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa.

Wakuu, nisiwadanganye kwamba ile nyumba ni hoteli. Bati linavuja upande mmoja, vitanda havitoshi, waliochelewa kuja wanalala kwenye mikeka. Sabuni ikiisha imeisha. Lakini mlango wa maternité, yaani wodi ya kuzalia, unauona ukiwa umekaa. Kwa mtu aliyetoka kwetu, huo ni utajiri.

Siku ya kwanza nilipika bugali. Wanawake wote walikuja jikoni, kila mmoja na sababu yake. Mmoja alikuja kutafuta kijiko. Mwingine alikuja kutafuta yule aliyekuja kutafuta kijiko. Alikuwepo mama mmoja wa Kazimia anaitwa Zabibu, alikuja kwa boti, ameshazaa mara nyingi na mimba mbili za mwisho zilimsumbua. Yeye hakutafuta sababu. Alivuta kiti akakaa.

Nilipomaliza akachukua tonge, akatafuna, akameza.

"Papa," akasema, "hii tunaweza kujengea nyumba."

Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kusonga, kutwanga sombe, yaani kisamvu, mpaka ilainike, kuosha ndagala ili mchanga utoke. Mke wangu alikuwa anakula anachopewa bila kutoa maoni. Nilipoanza kuweza, ndipo akaanza kulalamika kuhusu chumvi. Nikajua nimefaulu.

Jina walilonipa ni Mama Garde. Mwanzoni liliniuma kidogo. Baadaye nikawa naitika kabla halijamalizika.

Kila asubuhi Mama Mapendo alifundisha dalili za hatari. Kichwa kinauma na macho yanaona ukungu. Uso unavimba. Damu. Homa. Mtoto ameacha kucheza. Mimi nilikuwa nakaa nyuma karibu na mlango na randa yangu, naranda mbao. Siku moja akauliza swali, wanawake wakanyamaza, mimi nikajibu. Akauliza la pili, nikajibu. La tatu akasema, "Wenye matumbo tu." Zabibu alicheka mpaka akashikilia mgongo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kuna binti alikuwepo anaitwa Faida. Mimba yake ya kwanza, ametoka upande wa Misisi, kule kwenye dhahabu. Mume wake Sumaili anachimba. Aliletwa na mama-mkwe wake, mama mrefu, mkavu, anafunga kilemba kwa nguvu kama anafunga mzigo. Kwa heshima tulimwita Mama Sumaili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwamsha Faida asubuhi kumpa uji, na usiku anamkanda miguu. Ila kila jambo lilianza na "mutoto yangu alisema" au "mutoto yangu hajasema".

Uchungu wa Faida ulianza asubuhi moja. Akavuka uwanja akaenda zake, mama-mkwe nyuma yake. Sisi tukaendelea na kupika.

Mchana ukapita bila habari yoyote. Jua lilipoanza kulegea, Mama Mapendo akatoka maternité na uso mwingine kabisa. Akasema mtoto amekwama, njia ni ndogo, daktari anasema lazima apasuliwe, na asipasuliwe kesho. Leo, na mapema.

Mama Sumaili alitoka nyuma yake. Akakaa kwenye veranda ya ile nyumba yetu, akakunja mikono.

"Mutoto yangu hayiko hapa," akasema. "Ni yeye alioa huyu bibi. Habawezi kumupasua bila yeye kujua."

Walijaribu simu. Misisi network ni kitu cha bahati, na mtu akiwa ndani ya shimo hata bahati haimfikii. Wakampigia mwenye duka, mwenye duka akasema atamtuma mwenye pikipiki, mwenye pikipiki akasema barabara ni mbaya.

Mama Mapendo alimweleza kwa upole. Akamweleza tena. Yule mama akawa anatikisa kichwa. Mwisho akasema, "Bamama tu njo banaongea hapa. Mi minataka nisikie mwanaume."

Wakuu, wanawake wote waligeuka kuniangalia. Nilikuwa na mwiko mkononi.

Zabibu akanipokea mwiko. Akarudi nao kwenye sufuria.

Nikaenda kukaa kwenye ngazi ya veranda, chini kidogo ya yule mama. Sikuwa nimepanga maneno. Nilimsalimia, akaitikia. Nikakaa. Ndani kwa mbali tulikuwa tunamsikia Faida. Hakuwa analia kwa sauti, alikuwa anatoa ile sauti ya chini ya mtu aliyechoka. Ile sauti naijua.

Nikajikuta namsimulia habari ya mto. Sijawahi kumsimulia mtu. Hata na Atosha mwenyewe hatukuwahi kuiongea, tulikuwa tunaizunguka tu kama shimo la uani. Nikamweleza tipoyi, majani, maji. Nikamweleza kwamba tulikuwa wanaume watupu pale, na kama ni sauti ya mwanaume ilikuwepo ya kutosha.

Akaniuliza, "Na bibi yako alisema nini?"

Nikamwambia, "Aliuliza kama maji yamepungua. Aliuliza mara nyingi. Halafu akaacha kuuliza."

Aligeuza uso kuelekea uwanjani.

Nikamwambia, "Mama, mi nilikuwa na mto mbele yangu. We hauna mto. We uko na mulango ule pale, na daktari iko ndani anangoja."

Akafungua kilemba, akakifunga upya.

"We uko nani yake, huyu binti?"

"Hakuna. Mi niko mupishi wa hapa."

"Sumaili akikuya, ni we utamuambia."

"Nitamuambia."

Akasimama, akavuka uwanja. Mimi nikabaki pale kwenye ngazi. Nilipogeuka, Atosha alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote. Alikaa pembeni yangu kwa shida, na tumbo lake, akaweka mkono kwenye shingo yangu. Tulikaa hivyo mpaka Zabibu akasema chakula kinapoa.

Faida alipasuliwa jioni ile. Mtoto wa kiume, alilia akiwa bado hajamaliza kutoka. Mama na mtoto salama.

Nikawa najisikia mtu mkubwa kidogo. Kesho yake Mama Mapendo akanieleza kwamba mama-mkwe alipotoka nje kukaa verandani, Faida alimwita daktari akamwambia, "Mi nimekubali. Nipasueni." Daktari alikuwa ananawa mikono wakati mimi bado nasalimia.

"Lakini ulifanya vizuri," akasema. "Yule mama alihitaji njia ya kurudi ndani bila aibu."

Basi. Hilo ndilo nililolifanya.

Siku chache baadaye Sumaili akafika. Sasa lazima mjue kwamba habari ilimfikia kwa njia ya mwenye duka, aliyempa mwenye pikipiki, aliyempa mchimbaji mwingine. Ilipofika ndani ya shimo, ilikuwa imeshakuwa kwamba mke wake amepasuliwa Baraka na seremala.

Aliingia uwanjani amejaa vumbi jekundu hadi kope. Kijana mwenye mabega. Akamuulizia seremala, "Menuisier iko wapi?"

Wanawake wote wakanionyesha. Hakuna hata mmoja aliyesita.

Nilikuwa natwanga sombe. Akaja akasimama mbele yangu.

"We njo menuisier?"

"Njo mi."

"Ni we ulipasua bibi yangu?"

"Hapana. Kisu ni ya daktari. Mi niliongea na mama yako hapa ku veranda."

"Uliongea nini?"

Nilikuwa nimeahidi, kwa hiyo nikamweleza. Mtoto alikwama, ulitafutwa hukupatikana, mke wako mwenyewe akakubali, mama yako naye akakubali. Sikuongeza wala sikupunguza.

Akaangalia ule mchi mkononi mwangu. Halafu akaenda ndani.

Alikaa huko sana. Alipotoka, vumbi usoni lilikuwa na mistari miwili, mmoja kila upande. Akakaa kwenye benchi.

"Banasema bila ile kisu angekufa."

"Njo vile."

"Mi nilikuwa ndani ya shimo."

"Hukujua."

Akakaa akiangalia mikono yake. Kisha akasema, "Mama anataka kurudi, mihogo yake iko inaoza shambani. Nani atamupikia Faida?"

Nikasogea kidogo nikampa mchi.

Zabibu akasema kutoka jikoni, "Sasa tuko na Bamama Garde babili."

Sumaili alipika vibaya kuliko mimi. Nashukuru Mungu kwa hilo, maana heshima yangu pale jikoni ilipanda siku hiyo hiyo. Lakini hakukimbia. Aliosha nepi, aliuliza maswali, na Mama Mapendo alipokuja kuangalia kidonda alitaka aelezwe kila kitu. Waliondoka Faida akiwa anatembea vizuri, mtoto amefungwa mgongoni kwa baba yake hadi kwenye gari. Watu wa barabarani walisimama kuangalia.

Haya, na Atosha.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Dalili zote nazijua. Nguo za mtoto zimekunjwa. Usingizi wangu ulikuwa wa kuku, kila akikohoa mimi nipo dirishani. Nilimuuliza kama anajisikia vizuri mpaka akaniomba niache.

Asubuhi moja makaa yaliisha. Nikaenda sokoni kununua. Sokoni kulikuwa na msururu, mwenye makaa alikuwa anagombana na mtu kuhusu gunia. Nikangoja.

Niliporudi na gunia kichwani, wanawake walikuwa wanaendelea na kazi zao kama kawaida. Kitanda cha Atosha kilikuwa kimetandikwa. Nikasimama katikati ya uwanja.

Zabibu alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua kichwa. "Weka makaa chini," akasema. "Nenda ukasalimie mutoto yako."

Uchungu ulimjia ghafla. Alivuka uwanja kwa miguu yake, akafika, akajifungua. Hakupasuliwa, hakuchanika, hakuna lolote katika yale niliyofundishwa. Mama Mapendo anasema hajawahi kuona uzazi mwepesi hivyo kwa mtu mwenye historia ile, lakini alikuwa na dawa na damu na daktari tayari pembeni, kwa sababu huwezi kujua.

Niliingia. Atosha alikuwa amelala upande, amechoka, anang'aa.

"Umekawia," akasema.

Nikamwambia kulikuwa na msururu.

Akanipa mtoto. Wa kike. Wakuu, alikuwa na joto. Nilimshika nikashangaa. Sikujua kwamba mtoto anakuja duniani na joto namna ile. Nikamuuliza Mama Mapendo kama ni homa. Akaniangalia muda, akasema kwa sauti ya chini, "Hapana papa. Batoto banazaliwaka na joto vile."

Nikatoka nje kwa sababu mikono yangu ilikuwa na makaa.

Mtoto anaitwa Mapendo. Nadhani hamhitaji kuuliza kwa nini.

Sasa niliyojifunza, kwa ufupi.

Kwanza, kwetu kuna watu wanaojua kazi. Yule mwanamke wa kijijini alijua lisilo la kwake, muuguzi alijua, mkunga alijua, daktari alijua. Kinachotuua ni kilichoko katikati yao: mto, barabara, na kusubiri mtu fulani aseme ndiyo. Mto siwezi kuuhamisha. Kuondoka mapema kabla ya uchungu, hilo mtu anaweza.

Pili, nyumba kama ile ni chache mno na zinahudumiwa kwa shida. Nimeona akina mama wakirudi kulala sokoni kwa kukosa nafasi. Wenye uwezo humu wa kujenga, msijenge tu mnara wa kanisa. Wekeni chumba chenye vitanda na jiko karibu na hospitali.

Tatu, mwanamke mwenyewe akisema ndiyo, hiyo ni ndiyo. Sisi wengine tunaweza kutafutiwa njia ya kurudi ndani bila aibu.

Nne, ndugu yangu wa maji ya kuoga, chota tu.

Nipo hapa, mwenye swali aulize, na mwenye kunicheka awe huru, nimeshachekwa na mabingwa. Ila na mimi nauliza: huko kwenu mjamzito wa mbali anakaa wapi wiki za mwisho? Na mume wake anakuwa wapi?

NYONGEZA: Nimeona mnauliza kijijini walinipokea vipi. Baba yangu hajasema lolote, ila amembeba mtoto kwenda naye kanisani. Wengine walicheka kiasi, wakachoka. Jana kuna jirani yangu, mke wake ana tumbo kubwa, alikuja karakana akajifanya anaulizia mlango. Tukaongea mlango mpaka ukaisha. Alipofika nje akarudi, akasogea karibu, akauliza kwa sauti ndogo, "Kule ku Baraka, banaume banalalaka wapi?"

Nikamwambia kuna stoo ya kuni, na kitanda nilichojitengenezea nimekiacha humo.